Nani anakishikilia kiwe hai? Mwongozo kamili wa kuchunguza vinyang'anyiro na uhai wa vitu ndani ya kipangaratiba

Jumamosi moja, katika chumba tunachokutania Njiro, Arusha, kijana mmoja ninayemfundisha aliugeuza uso wa kompyuta yake kunielekea, nikaona rejista kadhaa (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) zikiwa zimejaa thamani moja: 0x0101010101010101. Alikuwa akifanyia kazi xv6, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia uliotoka MIT, toleo la prosesa za RISC-V, na alikuwa ameubadilisha ili staki ya kiini ya kila mchakato, yaani eneo la kumbukumbu ambalo kiini cha mfumo hulitumia kinapoutumikia mchakato (programu inayoendeshwa), iombwe kwenye akiba ya kumbukumbu mchakato unapozaliwa, na irudishwe huko mchakato unapokufa. Aliyewahi kusoma kfree, kazi ya xv6 inayorudisha kumbukumbu, huitambua namba hiyo mara moja, kwa sababu kila ukurasa unaorudishwa hujazwa baiti za 1 kwa makusudi, ili anayeendelea kuutumia aumbuke mapema. Prosesa ilikuwa ikitembea juu ya staki ambayo ilikwisha kurudishwa.

Kilichomkosesha usingizi ni kwamba msimbo uleule ukiendeshwa kwa prosesa moja tu haukuwahi kuanguka, ilhali kwa prosesa tatu ulianguka baada ya dakika mbili, au baada ya saa nzima, au haukuanguka kabisa siku hiyo. "Mwalimu, kufuli lipo," aliniambia, akimaanisha alama inayoruhusu mmoja tu kwa wakati kugusa data, na ni kweli lilikuwapo. Mwongozo huu umetokana na saa tulizokaa naye juu ya karatasi, na jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: kufuli hujibu swali la nani anaruhusiwa kukibadilisha kitu, lakini peke yake halijibu swali la nani anahakikisha kwamba kitu hicho bado kipo. Ndani ya kipangaratiba, sehemu ya kiini inayoamua mchakato upi upewe prosesa, maswali hayo mawili hukaribiana mno, kwa kuwa kitu kinachopangwa ndicho hichohicho kinachoendesha msimbo unaokipanga.

Hatua ya kwanza: yatenge maswali mawili kwenye karatasi

Kinyang'anyiro hutokea pale matokeo ya msimbo yanapotegemea nani alitangulia kati ya wawili wanaogusa data moja, huku angalau mmoja wao akiibadilisha na pasiwepo utaratibu unaowalazimisha kupishana. Uhai wa kitu ni muda unaoanzia kumbukumbu yake inapotengwa hadi inaporudishwa. Chukua kazi moja ya msimbo (function), si faili zima, kisha pigia mstari kila kielekezi, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu, kinachotumiwa ndani yake. Mbele ya kila kielekezi andika majibu mawili: kufuli lipi linalinda maudhui yake, na kitu gani kinakishikilia kiwe hai kuanzia mstari wa kwanza unaokigusa hadi wa mwisho.

Kwa swali la pili, majibu ninayoyakubali ni machache. Kitu hakifutwi kamwe, kama lilivyo jedwali la michakato 64 la xv6, ambalo limetengwa tangu mwanzo na linabaki hapo maisha yote ya mfumo. Nimeshika rejeo lililohesabiwa, yaani nimeongeza hesabu ya wanaokitumia, nacho hakifutwi kabla haijafika 0. Nimeshika kufuli ambalo anayetaka kukifuta lazima naye alishike kwanza. Niko ndani ya eneo la kusoma linalolindwa na utaratibu wa RCU (read-copy-update), nitakaoueleza katika hatua ya tano. Au kitu hicho ni mimi mwenyewe, yaani mchakato unaoendesha mstari huu, ambao hauwezi kutoweka ukiwa bado unaendesha. Mtu akiandika "haiwezekani kitokee" au "wakati huo watakuwa wameshamaliza", mrudishie karatasi yake.

Lipo pia jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Kufuli la mchakato mara nyingi huwekwa ndani ya muundo wa mchakato huohuo. Kwa hiyo kusema "nitashika kufuli lake ndipo niangalie kama bado upo" ni kurudi mwanzo, kwa maana kumbukumbu ikiwa imekwisha kurudishwa, kufuli lenyewe limekwenda nayo, na unachojaribu kukifunga huenda sasa ni kipande cha bafa (eneo la data) ya mtu mwingine. Kabla ya kugusa kufuli lililo ndani ya kitu, uhai wa kitu hicho uwe umeshahakikishwa na jambo lililo nje yake.

Hatua ya pili: chora hali za mchakato na umtaje anayesogeza kila mshale

Katika xv6 hali ni sita: UNUSED (nafasi tupu), USED (imetengwa), SLEEPING (umelala), RUNNABLE (uko tayari), RUNNING (unakimbia) na ZOMBIE (umekufa, bado haujavunwa). Zichore kama vituo, kisha juu ya kila mshale andika jina la kazi inayousogeza na kufuli linaloshikwa wakati huo. Ukimaliza, uliza pia ukweli kuhusu mchakato umeandikwa mahali pangapi. Upo katika hali yake, upo katika uanachama wake kwenye foleni ya kusubiri prosesa, na upo katika jambo la kimwili kabisa, yaani kama kuna prosesa ambayo kweli imekaa juu ya staki yake. Mambo haya matatu hayabadiliki kwa pigo moja. Mchakato unaojiachia prosesa kwa hiari hujiandika RUNNABLE ukiwa bado unakimbia, na kwa maagizo kadhaa karatasi inasema uko tayari kuchukuliwa ilhali mwili wake haujatoka. Kila kipindi ambacho mambo hayo matatu yanapingana kizungushie duara, kwa kuwa dosari karibu zote tutakazoziona hukaa ndani ya maduara hayo.

Hatua ya tatu: andika mfuatano kwa safu mbili, na uanze na kuamsha kunakopotea

Usijaribu kuwaza mifuatano yote kichwani. Gawa karatasi safu mbili, moja kwa kila prosesa, kisha teremsha mistari kwa zamu huku ukijiuliza: nikimkatiza huyu hapa hapa, na mwenzake akamaliza kazi yake yote, mambo yatakuwaje? Mfano unaofaa kuanzia ni huu:

1. Msomaji, kwenye prosesa 0, anaangalia bafa na kuikuta tupu.
2. Mletaji, kwenye prosesa 1, anaweka data ndani ya bafa.
3. Mletaji anatafuta wa kumwamsha, hamkuti aliyelala, anaendelea na safari zake.
4. Msomaji anajiandika kuwa amelala na kuachia prosesa.

Data ipo, msomaji amelala, na hakuna atakayemwamsha tena. Huwa nawaeleza vijana kwa kosta za Moshi kwenda Arusha. Abiria mchovu anayetaka kushuka Tengeru akichungulia dirishani, akaona bado, akafumba macho, kisha ndipo akumbuke kumwambia konda amshtue, huenda konda amekwisha kutangaza kituo katika nafasi hiyo ndogo. Utaratibu salama ni kumwambia konda kwanza, kisha uchungulie mwenyewe kama kituo hakijapita, ndipo ulale.

Linux hufuata mpangilio huohuo hasa: mchakato hujiandika kuwa unataka kulala, kisha huangalia sharti, kisha huita schedule. Mwamshaji akijitokeza katikati, huirudisha hali kuwa ya kukimbia, na schedule ikifika haimtoi mchakato kwenye foleni. xv6 hufika palepale kwa njia nyingine. Kazi ya sleep hupewa kufuli linalolinda sharti, nayo hushika kufuli la mchakato kabla ya kuliachia lile la sharti, na kwa kuwa mwamshaji lazima ayapitie makufuli yote mawili, hakuna upenyo wa kupita katikati. Katika mifumo yote miwili, aliyeamka huangalia sharti upya ndani ya mzunguko, kwa sababu kuamshwa ni taarifa kwamba huenda jambo limebadilika, na mwingine anaweza kuwa ameitwaa data kabla yake.

Hatua ya nne: chunguza kuhama kutoka staki moja kwenda nyingine

Hapa ndipo palipomkwamisha kijana wangu, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa kuwa kipangaratiba hutofautiana na msimbo mwingine wa kiini katika hatua hii.

Mchakato unaokufa una kazi ngumu: unatakiwa kuacha rasilimali zake zote, lakini msimbo unaoziacha unakimbia juu ya staki iliyo mojawapo ya rasilimali hizo. Maiti hajiziki, na kwa sababu hiyo lazima pawepo mwingine wa kuirudisha staki, naye asiirudishe mapema. Katika xv6 mzikaji ni mzazi, yaani mchakato ulioanzisha ule unaokufa (mtoto), ndani ya kazi ya wait. Mtoto ndani ya exit hushika wait_lock, humwamsha mzazi, hushika kufuli lake mwenyewe, hujiandika ZOMBIE, huachia wait_lock, kisha huita sched ambayo huita swtch, kazi inayoihamisha prosesa kutoka staki moja kwenda nyingine. Zingatia kwamba kufuli lake mwenyewe haliachii. Linavushwa likiwa limefungwa hadi upande wa pili wa swtch, na anayelifungua ni msimbo wa kipangaratiba wa prosesa hiyo, ambao una staki yake tofauti. Kushika kufuli katika uzi mmoja wa utekelezaji na kulifungua katika mwingine ni jambo ambalo kwingineko ningelikemea, lakini hapa ndilo linalobeba uzito wote: kufuli likifunguka, maana yake ni kwamba hakuna tena prosesa iliyokalia staki ya marehemu.

Sasa msimbo wa kijana. Aliona kwamba mzazi ndani ya wait tayari ameshika wait_lock, na kwamba hali ya ZOMBIE huandikwa wakati wait_lock imeshikwa, akahitimisha kuwa kulishika pia kufuli la mtoto ni kupoteza muda. Akaufuta mstari huo. Kwa swali la kwanza hoja yake haina kasoro, kwani mzazi hawezi kuisoma ZOMBIE nusunusu. Lakini tulipoandika safu mbili, mambo yalisomeka hivi:

1. Mtoto, prosesa 0, anajiandika ZOMBIE na kuachia wait_lock.
2. Mzazi, prosesa 1, anapata wait_lock, anasoma ZOMBIE, anairudisha staki ya mtoto, nayo inajazwa baiti za 1.
3. Mtoto, bado yuko ndani ya sched, anasoma anwani ya kurejea kutoka kwenye staki yake.

Dirisha lenyewe lina upana wa maagizo machache tu, na ndiyo maana lilikuwa likimtembelea linapotaka. Kwa mashine ya prosesa moja halifunguki kabisa, kwa kuwa mtoto anaposhika kufuli lake makatizo (ishara zinazoweza kuikatisha prosesa kazi yake) huzimwa, na hakuna awezaye kuingia kati yake na swtch. Mwenye mashine ya prosesa moja angeweza kuutumia msimbo huu miaka kumi na kuapa kwamba ni mzima.

Linux imetatua jambo hilohilo kwa vipande viwili ambavyo inafaa kuvisoma kwa pamoja. Kipande cha kwanza ni uga wa on_cpu katika task_struct, muundo wa data unaoueleza kila mchakato, unaoonyesha kama mchakato bado umekalia prosesa. Kazi ya try_to_wake_up ikikuta mchakato umeshatoka kwenye foleni lakini on_cpu bado haijawa 0, haiukabidhi kwa prosesa nyingine ukaanze kukimbia huko. Husubiri hadi prosesa ya zamani ikamilishe kuhama, la sivyo prosesa mbili zingekalia staki moja. Kipande cha pili ni finish_task_switch, inayoendeshwa na mchakato ulioingia kwa niaba ya ule uliotoka: huiweka on_cpu kuwa 0, na ikiona kwamba aliyetoka alikuwa katika hali ya TASK_DEAD, huachia rejeo la kipangaratiba juu yake. Hesabu ya rcu_users ya mchakato mpya huanzia 2, rejeo moja likiwa la sehemu inayoonekana na watumiaji, ambalo huondoka mchakato unapovunwa na mzazi wake, na la pili likiwa la kipangaratiba chenyewe. Mzazi anaweza kutangulia, kipangaratiba kinaweza kutangulia, na hakuna kati yao anayehitaji kujua mwenzake amefika wapi. Nimewaonyesha vijana mstari huo mara nyingi, kwa kuwa sijaona mahali pengine ambapo swali la "nani anakishikilia" limejibiwa kwa namba moja iliyo wazi namna hiyo.

Unapochunguza kipangaratiba chochote, basi, tafuta agizo hasa ambalo baada yake staki ya zamani haiguswi tena, lipigie mstari mwekundu, kisha thibitisha kwamba kila njia inayoweza kuirudisha staki au kuukabidhi mchakato kwa prosesa nyingine husubiri ishara inayotolewa baada ya mstari huo.

Hatua ya tano: jinsi ya kupata rejeo bila kuliiba

Hesabu ya marejeo haina thamani yoyote kama njia ya kulipata rejeo la kwanza si salama. Chukulia mtu anayetafuta mchakato kwa namba yake: anaukuta kwenye jedwali, anapata kielekezi, kisha anaongeza hesabu. Kati ya kupata kielekezi na kuongeza hesabu, mwingine anaweza kuwa ameishusha hesabu kutoka 1 hadi 0 na kuanza kufuta. Anayeongeza kutoka 0 kwenda 1 hamfufui marehemu. Anaandika juu ya kumbukumbu iliyo njiani kurudishwa.

Zipo njia mbili za kuliziba pengo hilo. Ya kwanza ni kulishika kufuli la jedwali tangu kutafuta hadi kuongeza hesabu, kwa sharti kwamba anayefuta huondoa kitu kwenye jedwali, chini ya kufuli hilohilo, kabla ya kuliachia rejeo la jedwali. Ya pili ni RCU, iliyoingia Linux mwaka 2002: msomaji hatumii kufuli, na mfutaji hukiondoa kitu kwenye jedwali, kisha husubiri hadi wote waliokuwa wakisoma wakati huo wamalize ndipo arudishe kumbukumbu. Chini ya RCU kumbukumbu haitakutoroka ukiwa unasoma, lakini kitu kinaweza kuwa kimeshakufa kiutaratibu, kwa hiyo anayetaka kukibakiza baada ya kutoka kwenye eneo la kusoma lazima aongeze hesabu kwa agizo linalokataa iwapo imekwisha kufika 0, naye akubali kukataliwa huko.

Hatua ya sita: ulichokisoma kabla ya kufuli kisome tena baada yake

Kila prosesa ina foleni yake, na kila foleni ina kufuli lake. Ukitaka kuubadilisha mchakato ulio kwenye foleni, unasoma kwanza uko foleni ipi, kisha unashika kufuli la foleni hiyo. Wakati ukilisubiri kufuli, mwenye foleni anaweza kuuhamishia mchakato kwenye prosesa nyingine yenye nafasi, na utakapolipata utakuwa unalinda foleni ambayo mchakato wako haumo. Kazi ya task_rq_lock katika Linux ni mzunguko kwa sababu hiyo: inashika kufuli, inaangalia kama foleni ni ileile na kama mchakato hauko safarini, na ikikuta mambo yamebadilika inaliachia na kuanza upya. Pale unapolazimika kushika makufuli ya foleni mbili kwa pamoja, yashike kwa mpangilio mmoja usiobadilika popote katika msimbo, ili wawili wasishikiliane kila mmoja akimngoja mwenzake.

Hatua ya saba: usiuamini mpangilio wa mistari

Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, inaweza kupanga upya usomaji na uandishi, na prosesa nayo vilevile. Hata familia ya prosesa za x86, inayosifiwa kwa ukali wa mpangilio wake, inaruhusu uandishi uchelewe hadi baada ya usomaji wa anwani nyingine unaoufuata, na huo ndio mpangilio unaoharibu "jiandike umelala, kisha angalia sharti". ARM na RISC-V huruhusu mengi zaidi. Vizuizi vya kumbukumbu, yaani maagizo yanayozuia upangaji huo, huenda kwa jozi: ukikuta kimoja upande wa mwandishi, andika kando yake jina la mwenzake upande wa msomaji, na ukikosa kumpata, umeipata dosari. Makufuli yaliyoandikwa vizuri hubeba vizuizi vyake ndani, hivyo hatua hii hukuhusu zaidi pale msimbo unaposoma kitu bila kufuli, kama inavyosomwa on_cpu.

Hatua ya nane: lipanue dirisha mpaka dosari ishindwe kujificha

Vyombo vipo, navyo ni vizuri. Linux ina lockdep tangu mwaka 2006, inayolalamika makufuli yanaposhikwa kwa mpangilio unaoweza kukwamisha, hata kama siku hiyo hakuna kilichokwama. Ina KASAN tangu 2015, inayokamata matumizi ya kumbukumbu iliyorudishwa. Na ina KCSAN tangu 2020, inayokamata wawili wanaogusa data moja bila utaratibu. Lakini hata KASAN huona tu dosari iliyotukia mbele yake, na dirisha la maagizo machache linaweza lisitukie wiki nzima. Kwa hiyo, ukishaandika safu mbili na kushuku mahali fulani, weka hapo mzunguko mtupu wa kuchelewesha, kati ya mistari miwili unayoishuku, na umwachie mpinzani muda wa kutosha. Ikiwa hoja yako ya usalama ni ya kweli, kuchelewesha hakutabadilisha chochote isipokuwa kasi.

Tulifanya hivyo siku ileile. Aliweka mzunguko ndani ya sched, kabla tu ya swtch, kwa michakato iliyo ZOMBIE peke yake, akawasha mfumo kwa prosesa tatu, akaandika amri ya ls, na kiini kikaanguka kabla alama ya kusubiri amri haijarudi. Akaanza upya, kikaanguka palepale. Baada ya hapo aliurudisha mstari alioufuta, ule unaomfanya mzazi ashike kufuli la mtoto kabla ya kuiangalia hali yake, akauacha mzunguko wa kuchelewesha ukiwa mahali pake, tukaendesha usertests, programu ya majaribio ya xv6, kwa kurudiarudia kuanzia saa 8 mchana hadi tulipofunga chumba saa 12 jioni. Kwenye karatasi yake, mbele ya kielekezi cha staki, ambapo asubuhi alikuwa ameandika "wait_lock" katika safu zote mbili, alifuta safu ya pili kwa raba na kuandika kwa penseli: kufuli la mtoto, hadi kipangaratiba kilifungue.